Mahari na Mahali: Kazi ya Shangazi Yangu

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya tahajia. Niliishia darasa la saba, na huwa naandika polepole, neno moja nikilitazama kwanza kabla ya kwenda kwa lingine. Kwetu Ngara herufi l na r hazikai mbalimbali kama zinavyokaa vitabuni. Nimejitahidi kila moja iwe kwake, lakini zikihama, msomaji azirudishe mwenyewe na asinicheke sana. Au acheke kidogo, maana ninayetaka kumsimulia ni mtu ambaye kazi yake ni kuchekesha.

Mtu huyo ni shangazi yangu, dada yake baba. Ni mwongozaji wa filamu na vipindi vya vichekesho. Wageni wanaomtafuta huwa wanampita akipalilia maharage kando ya barabara ya Kasulo, wanaenda kumuulizia nyumba ya mbele, halafu wanarudishwa. Yeye hawaiti. Anawaangalia wakienda na kurudi, na nafikiri hapo tayari yuko kazini.

Alizaliwa hapa hapa, katika familia ya wakulima Wakatoliki, mtoto wa katikati. Alipokuwa msichana mdogo kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa upande wa Lukole, na bibi, mama yake, alikuwa akipeleka ndizi huko kuuza. Shangazi alimfuata na mkungu mdogo kichwani. Jioni moja walichelewa, ndizi zikiwa hazijaisha, wakakuta watu wamekusanyika mbele ya shuka jeupe, jenereta linanguruma, na sinema ya kufundisha watu kunawa mikono inaonyeshwa. Ndani ya sinema kulikuwa na mwanamume aliyetoka chooni na ndoo, akakanyaga sabuni, akaanguka. Umati wote ulicheka, wakimbizi, wauza ndizi na askari.

Shangazi anasema kuanguka kwenyewe hakukumshangaza. Mvua ikinyesha Kasulo watu wanaanguka kila siku. Kilichomshangaza ni kwamba sinema ilirudiwa, yule mtu akaanguka tena pale pale, na watu waliokuwa wameshamwona wakacheka zaidi ya mwanzo. Akataka kujua ni nani aliyemwambia yule mtu aanguke pale. Alimuuliza bibi, na bibi akamwambia ashike mkungu vizuri.

Alipomaliza shule ya msingi alikwenda Rusumo kupika. Malori yanayovuka kwenda Rwanda hungoja karatasi za forodha, na madereva wakingoja wanakula na kusimulia. Alikuwa akisonga ugali huku anasikiliza. Hapo, anasema, ndipo aliposoma. Aligundua kwamba dereva mwenye njaa hacheki hata umfanyie nini, na dereva aliyeshiba sana anasinzia, kwa hiyo mwenye hadithi lazima amkamate katikati, tonge likiwa bado mkononi. Mpaka leo akimwona mwigizaji anachelewesha neno lake anamwambia, "Ameshashiba huyo, umemkosa."

Baadaye mpiga picha mmoja wa mjini Ngara alimchukua kushika taa kwenye harusi. Kutoka taa akahamia kwenye kamera. Aliwapelekea watu kanda za harusi zao, akakaa nao kuzitazama, na akaona kwamba hakuna anayerudisha nyuma kutazama viapo tena. Wanarudisha pale mjomba aliposinzia katikati ya hotuba yake mwenyewe. Kwa familia moja ya Biharamulo alimrudia mjomba wao mara kadhaa ndani ya kanda, akimchanganya kati ya keki na ngoma. Walikuja juu, wakamtaka aitengeneze upya. Wakati wanasemezana, mjomba mwenyewe akaagiza nakala yake.

Basi akaanza kutengeneza vichekesho vyake, mwanzo kwa simu, halafu kwa kamera. Vilikuwa vinasambaa kwenye flashi na memori kadi, kwenye maduka ya kuchaji simu na kwenye vibanda vya video, kutoka Ngara mpaka minadani Biharamulo. Watu wengi walimjua. Lakini nyumbani haikuhesabiwa kuwa kazi. Bibi alikuwa akisema kazi ni kitu kinachoota au kinachozaa.

"Sasa hiki chako kinafanya nini?" alimuuliza siku moja.

"Kinachekesha, mama."

"Hata fisi anacheka, na hana shamba."

Bibi aliamini kitu kimoja tu katika vyombo hivi, nacho ni televisheni, kwa sababu ndimo inamotoka taarifa ya habari na misa ya Jumapili. Alisema kama hivyo vichekesho ni kazi, vitatoka humo. Shangazi alicheka kama anavyocheka kila kitu, lakini sisi tuliomzunguka tulijua kwamba ndicho alichokuwa anakitaka kuliko vyote. Alikuwa amepeleka kazi zake kwenye vituo kadhaa na hakuwahi kujibiwa.

Niseme kidogo anavyofanya kazi. Haandiki maneno ya kukariri. Anakaa na waigizaji, anawaeleza jambo lote kwa Kihangaza, lugha yetu ya hapa, na asiyejua Kihangaza anaelezwa kwa Kiswahili cha taratibu. Wakishaelewa anawaambia, "Haya, lisemeni kwa Kiswahili mlicho nacho." Hapo ndipo maneno yanapoanza kutafutwa, mtu anashika moja anaacha jingine, na uso unaonyesha anavyotafuta. Shangazi anasema uso wa mtu anayetafuta neno hauwezi kuigizwa. Kucheka wakati kamera inaenda ni marufuku, anayecheka anaosha masufuria ya chakula cha wote. Yeye mwenyewe hukaa nyuma ya kamera amejaza pindo la kitenge mdomoni. Tukiona kitenge kimeingia mdomoni tunajua tuko vizuri, na kikitoka tunajua tumepotea.

Mimi aliniingiza kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilikuwa sisemi sana. Darasa la tatu nilisimama kumweleza mwalimu kwamba nimesahau kalamu nyumbani, ila mdomo wangu ulisema nimesahau karamu. Mwalimu aliuliza karamu hiyo ina wageni wangapi. Darasa zima lilicheka, na kwa muda mrefu nikaitwa kwa neno hilo. Tangu hapo nikawa natikisa kichwa badala ya kusema. Shangazi alipokuja kuniomba kwa baba niigize, baba alimwambia amekosea mtoto, huyu haongei. Shangazi akasema wanaoongea anao wengi.

Kichekesho alichokuwa anatengeneza kilikuwa cha posa. Baba wa binti aliigizwa na mzee mmoja, katekista wa zamani wa hapa Kasulo, Mhangaza. Mzee huyu ni msomaji mzuri wa masomo kanisani, lakini akiongea bila kitabu kila l inageuka r. Anarara, anakura, anarima. Mchumba aliigizwa na mfugaji Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Huyu ni kinyume chake. R haipo kabisa mdomoni kwake. Anauliza habali za nyumbani, anaogopa balidi. Shangazi alimpata mnadani akibishana na mnunuzi, akamfuata mpaka zizini. Mkewe alidhani ni mtu wa serikali.

Katika hadithi, mshenga amelewa pombe ya ndizi njiani, kwa hiyo mchumba anaingia peke yake kuzungumza na baba mkwe, jambo ambalo halifanywi. Anatoa shikamoo, anaitikiwa marahaba, anasimama na fimbo yake. Kisha anasema, "Mzee, nimekuja kwa ajili ya mahali."

Anamaanisha mahari. Mzee anafikiri mgeni anatafuta pa kukaa. Anamjibu kwa ukarimu, "Kwa mahari hakuna shida hapa, mwanangu. Chagua mwenyewe."

"Nichague mwenyewe?"

"Mgeni ndiye anachagua."

"Basi, mzee, ng'ombe mmoja."

Mzee anachungulia nje, akidhani mgeni amekuja na ng'ombe. "Ng'ombe? Mahari pa ng'ombe ni kure nyuma, kwenye migomba. Hapa mbere ni pa watu."

Mchumba anasogea karibu, anashusha sauti. "Nimeelewa, mzee. Watu wasione."

Inaendelea hivyo mpaka wanashikana mikono, kila mmoja anamwona mwenzake mtu mwema sana. Mimi ndiye binti. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na sinia la chai. Nilimuuliza shangazi niseme nini. Akaniambia, "Usiseme kitu, mwanangu. Wewe ndiye pekee unayewaelewa wote wawili. Anayetazama atakuja asimame hapo ulipo." Nilisimama, nikawatazama wale wawili wakipotea kwa furaha, na vikombe vikaanza kugongana vyenyewe kwenye sinia kwa kicheko nilichokibana. Sikuigiza. Kitenge chote kiliingia mdomoni mwa shangazi siku hiyo.

Kipande hicho kilienda mbali kuliko vyote. Madereva Rusumo walikuwa wakiulizana mahari pa ng'ombe ni wapi. Na mwishowe kikamfikia kijana wa kituo kimoja cha televisheni, mbali na huku, akapiga simu kwamba anakuja.

Alikuja kweli, kwa gari, vumbi la barabara ya Biharamulo limemgeuza mwekundu mpaka kope. Alikuwa mpole, aliamkia kila mtu mzima, hata mzee katekista ambaye hakutegemea kuamkiwa na mtu wa televisheni. Shangazi alimwekea vichekesho vyote. Alipofika kwenye posa alicheka mpaka akavua miwani akajifuta machozi. Sisi tulitazamana. Bibi aliyekuwa anamenya ndizi pale nje aliuliza huyo mgeni analia nini.

Baada ya chakula akasema maneno yake. Kituo kingechukua mfululizo mzima, lakini si kwa lugha ile. Watoto wanatazama, wazazi wangelalamika kwamba wanafundishwa Kiswahili kibovu. Watu wa pwani na wa Dodoma wasingeelewa. Na tena, akasema akiangalia chini, wengine wangeona kwamba watu wa huku wanadhihakiwa. Alitaka tupige picha upya, l na r zikiwa sawa. Basi, hilo tu.

Nilijua anachosema. Hata nilifikiri huenda ana haki, kwa sababu nilikumbuka karamu yangu. Jioni nilimwambia shangazi hivyo tukiwa tunaosha vyombo. Aliacha kuosha. Aliniuliza darasani walipocheka, kuna aliyeongea kama mimi? Nikasema karibu wote. Akasema basi walicheka haraka ili wasijulikane. "Mimi siwataki hao," akasema. "Mimi namtaka anayecheka kwa sababu angeingia shimo hilo hilo." Halafu akasema tutapiga upya, kwa sababu televisheni ni televisheni.

Tukajiandaa. Mfugaji alichukua zoezi kwa uzito mkubwa. Mkewe alitueleza kwamba alikuwa akichunga huku anasema mahari, mahari, mahari, na ng'ombe wakawa wanageuka kumtazama wakidhani wanaitwa. Mzee katekista alisema yeye hana shida, atafikiria kwamba yuko kanisani.

Siku ya kupiga picha mfugaji aliingia, akatoa shikamoo, akasimama na fimbo. Akavuta pumzi. "Mzee, nimekuja kwa ajili ya mahari." Ile r aliivingirisha kama jiwe linaloteremka mlimani.

Mzee akajibu kwa sauti ya somo la kwanza, "Karibu, mwanangu, chagua mahali ukae, tuzungumze hiyo mahari."

Mfugaji akakaa. Mzee akataja ng'ombe, mfugaji akapunguza, mzee akakubali. Nilipofika mlangoni na sinia mambo yalikuwa yamekwisha. Chai yangu haikuwa na wa kuinywa. Walitazama kamera wote wawili, wanajivunia, kwa sababu hawakukosea hata neno moja.

Kitenge kilikuwa kimelala mapajani mwa shangazi. Akasema kwa upole sana, "Wameelewana. Sasa nitawafanyia nini?"

Mzee katekista akauliza kama wamekosea. Akaambiwa hapana, baba, mmefanya vizuri sana, na hiyo ndiyo shida. Tukarudia, akijaribu kuwachanganya kwa njia nyingine, mshenga aingie, mbuzi aingie. Mbuzi aliingia. Haikusaidia. Watu wanaoelewana hawana haja ya mbuzi.

Asubuhi iliyofuata alimpigia yule kijana. Simu yake haisikiki sikioni, hutumia spika, kwa hiyo sote pale uani tulisikia. Aliuliza habari za familia na za safari. Kisha akasema, "Mwanangu, ulipocheka hapa kwangu mpaka ukavua miwani, ulicheka nini?"

Tulisikia magari ya huko kwao yakipiga honi.

"Nilicheka mahari pa ng'ombe," akasema.

"Basi ndiyo uliyoniambia niitoe."

Akasema anaelewa, lakini si yeye anayeamua. Shangazi akamwambia awaeleze wanaoamua kwamba hiyo ya pili ipo, ameitengeneza kwa heshima yao, lakini hataituma, kwa sababu ikionyeshwa itakuwa na jina lake na yeye hakuifanya. Kama hawaitaki ya kwanza, waache. Akaaga vizuri, akakata, akaenda shambani. Tulimwona kutoka mbali akipalilia sehemu aliyokwisha kupalilia.

Hakuna aliyemsemesha siku hizo. Bibi peke yake alimuuliza kama yule mgeni aliyelia amepona.

Halafu kijana akapiga mwenyewe. Alikuwa ametafuta njia. Watu waongee wanavyoongea, ila chini ya picha kuwe na maandishi ya neno analokusudia msemaji. Mchumba akisema mahali, chini pasomeke mahari. Wakubwa wake wamekubali kuonyesha kipande kimoja hivyo, cha posa, waone kama watu wa mikoa mingine watakielewa. Wakielewa, watachukua mfululizo wote. Wasipoelewa, basi.

Sisi tulifurahi. Shangazi hakufurahi mara moja, alianza kubishana. Alitaka kujua maandishi yatatokea lini. Kijana akasema hutokea pamoja na sauti, ndivyo yalivyo kote. Shangazi akakataa. Akasema yakitokea pamoja na sauti, msomaji atakuwa ameshaelewa kabla mzee hajakosea, na mzee atabaki anaonekana mjinga peke yake. Maandishi yamngoje mzee ajibu kwanza, ndipo yaje. Walibishana juu ya hilo kwa simu kadhaa, kijana akieleza mitambo, shangazi akieleza madereva na matonge. Sijui walifanyaje huko, lakini mwishowe kijana alikubali. Maandishi yangemfuata mzee.

Kilionyeshwa Jumapili mchana. Tulijaa kwa bibi, ambaye ana televisheni ya sola. Mfugaji alikuja na mkewe kutoka Biharamulo, amevaa koti. Mzee katekista alikaa mbele kabisa na kujisahihisha kwa sauti kila alipojisikia. Mchumba aliposema neno lake, watu wa hapa walicheka hapo hapo, kabla ya maandishi. Maandishi yalipokuja wakacheka tena, nafikiri kwa kuona jinsi mahali na mahari yanavyofanana yakikaa pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilijiona pale na sinia langu, na sikuona haya kama nilivyofikiri.

Shangazi hakutazama televisheni. Alikaa ubavuni mwake, akitutazama sisi. Zaidi ya yote alimtazama bibi, ambaye hajui kusoma na hakucheka hata kidogo. Bibi alikuwa ameinama mbele, amekunja uso. Ilipokwisha akamgeukia shangazi.

"Yule ng'ombe mmemfunga?"

"Yuko nyuma, mama, kwenye migomba."

"Atamaliza migomba yote," bibi akasema, na alikuwa na wasiwasi kweli.

Shangazi alitoka nje haraka. Nilidhani anacheka. Nilipomfuata nikaona anacheka na kulia pamoja, amegeukia ukuta.

Sasa tunangoja. Kijana anasema wapo waliopiga simu kulalamika juu ya lugha na wapo waliosifu, lakini wengi wa waliosifu ni watu wa huku huku, na wakubwa wake wanataka kujua wa kwingine. Shangazi anajifanya hangoji. Anapalilia na simu ameifunga kiunoni, na ikilia anaiacha ilie kidogo ili asionekane ana haraka.

Ndiyo sababu nimeandika, ingawa imenichukua muda. Wewe unayesoma huenda uko Tanga, au Mtwara, au Zanzibar, mahali ambapo mahari na mahali hayajawahi kugongana mdomoni mwa mtu. Kama ulikiona kipande kile, au kama umekisoma hapa tu nilivyokieleza, tuandikie kupitia kwa waliochapisha maandishi haya. Usituandikie kwamba ni kizuri, hilo shangazi halimsaidii. Tuandikie ulicheka wapi, kama ni mchumba aliposema au ni mzee alipojibu. Na kama hukucheka popote, andika hivyo hivyo bila kuogopa. Nitamsomea kila barua mimi mwenyewe, polepole, na yako atataka niirudie.